Chini Sikufungua

Nyanjige amekuja akiivuta boti kwa kamba.
Hakusalimu. Alinionyesha maji kwa kidevu:
nyuma ya mashine, utando wa rangi saba
ukitanuka taratibu kuelekea mawe ya Igombe,
na vifaranga wa bata wa jirani wakiukwepa.
"Ulisema imepona."

Nilisema, kweli. Wiki mbili nimelala ubavuni pake,
mashine ya mwaka sabini na moja, farasi tisa na nusu,
bluu yake imebaki kwenye mikunjo tu, kama wanja wa jana;
mali ya marehemu kaka yake, Mugeta wa dagaa.
Ringi nilibadili. Gasketi nilikata mwenyewe
kwenye jalada la kauntabuku la binti yangu,
na saba mara nane imo humo ndani mpaka leo,
inabana mgandamizo.

Basi tukaanza upya.
Nikaifunga kwenye pipa la maji, nikaifuta ikakauka,
nikaomba poda ya mtoto ndani kwa mke wangu,
nikaipaka kuanzia shingo hadi kiunoni.
Nyanjige alitaka kucheka, akajizuia;
deni halicheki.

Tukakaa kuitazama, kama watu wanaosubiri upele utoke.

Mstari wa kwanza ulishuka chini ya kabureta.
Nikafungua bakuli, nikatoa floti ya shaba,
nikaitikisa sikioni:
chubwi.
Petroli ndani ya kitu kilichoumbwa kuelea!
Imelewa, haiinuki, sindano haizibi,
mafuta yanamwagika kama uji uliosahauliwa jikoni.
Nikaizamisha kwenye maji ya chai, yakiwa moto bado,
na mapovu yakapanda, membamba kuliko mbegu za mchicha,
toka tundu ambalo jicho langu halijaliona hata sasa.
Niliikamua mpaka tone la mwisho, nikaianika,
ndipo nikaiziba kwa risasi,
maana petroli na moto hawalali chumba kimoja.

Nikadhani tumemaliza.
Lakini ndani ya pipa, kule chini,
wingu jeupe lilikuwa linajikunjua.
Nililegeza skrubu ya gia
nayo ikatema oili iliyogeuka maziwa.

Hapo nilinyamaza. Chini sikufungua.
Pini ya propela ilikuwa imeshikwa na kutu,
ada ya shule ilikuwa Jumatatu,
nikapiga rangi juu ya kutu, nikasema imepona.

Safari hii niligonga, nikachoma, nikagonga.
Propela ikatoka. Nyuma yake, uzi:
mwembamba, wa kung'aa, haujui kuoza,
umejizungusha kwenye shafti mara zisizohesabika
na kuukata mdomo wa sili ukabaki pindo.
Mtu yeyote wa mwaloni angeujua gizani kwa vidole:
timba. Zile nyavu
ambazo maofisa huziteketeza mbele ya watu.

"Mugeta hakuvua kwa timba," akasema Nyanjige.
Sikuwa nimetamka neno.

Nikamwambia nyuzi zinaelea tu ziwani,
propela yoyote hupita ikaokota.
Na hilo nalo ni kweli.
Aliuviringisha kidoleni, raundi kwa raundi,
mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe,
kisha akautupa kwenye jiko langu.
Haukuwaka. Ulijikunja.

Sili nilifuata Makoroboi, ya pikipiki, kipimo kile kile,
kwa pesa yangu, bila kuulizwa.
Jioni pipa lilitulia, maji safi, poda kavu.
Ila kwenye ekzosi, baada ya kuzima,
tone moja jeusi lilining'inia, likafikiri, likadondoka.

"Na hilo?"
"Hilo ni la umri wake, mama.
Inakunywa petroli na oili kwa mkupuo mmoja,
isichokimaliza inakitema. Haliponi. Weka kopo."

Alilitazama pipa muda mrefu,
kisha akaniuliza
kopo la ukubwa gani.